Patricia aliishia mara sita

Élisabeth, dada, moyo unaniwaka!

Leo nilikuwa ninamusuka Patricia nywele, yule anayesoma université. Rodrigue, mchumba wangu, akaniletea chakula, sombe. Patricia akamwambia: "Andika 142857 kwa simu, zidisha mara mbili."

Simu ikaonyesha 285714! Namba zilezile, zimebadilishana viti tu.

Akazidisha mara tatu, mara ine, mpaka mara sita: zilezile zinazunguka. Rodrigue akasema: "Patricia, una kichwa!" Una kichwa! Mimi, miaka miwili ya uchumba, hajaniambia hivyo.

Nikauliza polepole: "Na mara saba?"

Patricia: "Mama, wewe suka tu."

Nilipofika nyumbani nimezidisha mara saba mwenyewe, mimi niliyeachia shule mwaka wa ine. 999999. Tisa tupu! Nimemutumia Rodrigue kwa simu.

Amejibu: "Ooh! Patricia amekufundisha?"

Dada, kesho Patricia anarudi nimalize kumusuka upande wa pili wa hicho kichwa.