Jina la Clarisse kwenye orodha ya beji

Alhamisi, mwezi wa pili. Mvua inanyesha Likasi tangu asubuhi, na mimi sina amani.

Wiki nzima nimeshinda nikishuku watu. Leo naandika yote, hata yale yanayonitia haya.

Kazi yangu ni kuchora: mialiko ya harusi, mabango ya makanisa, vibao vya maduka. Mwezi uliopita kituo kimoja cha mafunzo cha Shituru kiliniomba niwachoree beji za kidijitali. Beji hiyo ni picha ndogo ambayo fundi anaiweka kwenye simu yake. Anayetaka kumpa kazi anaigusa, inafunguka, anaona fundi huyo anajua nini. Fundi umeme ana yake, fundi cherehani ana yake, mchomeleaji vyuma ana yake. Niliipenda kazi hiyo. Mji wetu umejaa watu wenye mikono hodari wasio na cheti hata kimoja.

Nilipomaliza picha nikamuuliza msimamizi, Monsieur Placide, ndani ya beji tuandike nini. Nani alimpima fundi? Alipewa kazi gani?

"Jina tu linatosha, Madame Nadine," akasema. "Weye chora. Ya ndani ni kazi yetu."

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Jumatatu akanitumia orodha ya wachomeleaji. Nikaisoma bila haraka mpaka nikafika jina la tisa: Clarisse, mdogo wangu.

Tunaishi nyumba moja. Clarisse anasuka nywele sokoni. Sijawahi kumwona ameshika hata nyundo.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Placide ameona ninauliza maswali mengi, amemwingiza mdogo wangu ili nifunge mdomo. Siku mbili sikumwambia mtu. Nilimtazama Clarisse akila, akicheka na simu yake, nikajiuliza alikutana wapi na huyo bwana, na amempa nini mpaka akaandikwa.

Ndiyo, nilifika huko. Kwa mdogo wangu mwenyewe.

Jana asubuhi nikaweka simu mbele yake. "Hii ni nini?"

Akasoma. Kwanza akatabasamu, kisha akauona uso wangu.

"Yaya, dada yangu, unawaza minye nimeiba?"

Akakunja mkono wa blauzi. Zile alama ndogo nyeusi nilikuwa nimeziona zamani. Aliniambia ni maji ya moto ya kuchovya meshi za nywele za wateja.

"Ni soudure, kuchomelea vyuma," akasema. "Kila Jumamosi, ile nakuambia naenda kuimba kwa korali, niko kwa atelier ya Papa Ngoie. Mwaka muzima. Sikukuambia juu nilijua utanicheka."

Sikumwamini. Kati ya yote niliyofanya wiki hii, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilimwambia, "Twende nione."

Karakana ya Papa Ngoie iko kwenye barabara ya kwenda Kambove. Umeme ulikuwa umekatika, tukangoja tumekaa kwenye mabomba, mimi upande mmoja, Clarisse upande mwingine. Nikamuuliza mzee kama ni kweli mdogo wangu ni mwanafunzi wake.

"Huyu? Iko na mukono muzuri kupita banaume bangu," akajibu. "Bantu ba kituo bamemupima hapa hapa, mbele yangu."

Umeme uliporudi Clarisse akavaa kinga ya uso bila kuniangalia. Papa Ngoie akaniambia nigeuke, mwanga ule unaumiza macho. Nilisikia tu cheche. Nilipogeuka tena, Clarisse alikuwa akigonga kwa nyundo ndogo, ganda jeusi likidondoka, na chini yake chuma kimeshikana na chuma kwa mstari uliolala sawasawa, kama msuko.

Nikamsogelea. Akawa ameshaanza bomba jingine.

Njiani nikirudi peke yangu nikawaza: mimi, dada yake, nimeona jina lake kwenye orodha na nikamwona mwongo. Mkubwa wa kiwanda asiyemjua ataamini nini?

Nikampigia Placide. Nikamwambia kila beji itafunguka na picha ya kazi ya fundi mwenyewe, pamoja na jina la aliyempima na mahali alipompimia. Bila hivyo simpi kitu.

"Hiyo itatuchelewesha, Madame."

"Niko na subira."

"Bon. Achana na ile liste. Nitakutumia ingine."

Leo mchana nimeipata. Majina sita hayapo tena. Clarisse bado yupo. Nikaweka orodha mbili kando kwa kando, na ndipo nikaona: kati ya sita waliofutwa, wawili wana jina la ukoo la Placide. Yalikuwa pale tangu Jumatatu, juu kabisa, la pili na la tatu. Niliyapita yote nikaenda kumshika mdogo wangu.

Placide sijamuuliza kitu. Nitamuuliza, tena mbele ya wakubwa wake, na orodha zote mbili nimezihifadhi.

Clarisse hajanisemesha tangu jana. Amepika, amenipakulia, kisha akachukua sahani yake akaenda kula kwa jirani. Sasa namsikia anaingia, anapangusa miguu mlangoni.

Naenda kumwomba msamaha. Nimeshaapa kwamba neno "lakini" halitatoka mdomoni mwangu.