Mkuyu wa Ukutani

Mjukuu wangu Festo,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Litembo tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama picha mnazochora na wenzako kwenye kuta za Songea zinaweza kumfanya mtu apande mti. Ngoja nikusimulie habari ya mdogo wangu Oliva.

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja huku, watu walikata miti wapanue mashamba, mpaka chemchemi yetu ikapungua maji. Oliva, wakati huo msichana, akachora mlima wetu kwa mkaa na udongo mweupe kwenye ukuta wa jiko letu, unaotazama njia ya kanisani. Jumapili watu walisimama, kila mmoja akitafuta shamba lake. Mzee Ndunguru akauliza, "Binti, mbona mkuyu wangu wa pale chemchemi haumo?"

"Si uliukata, babu? Panda mwingine, nitauchora."

Akaondoka. Mvua zilipoanza alirudi kumwita akauone mche. Oliva akachora kijiti kama kidole. Mzee akanung'unika kwamba ni kifupi mno, na kila mwaka akawa anakuja kudai kirefushwe.

Je, alipanda kwa ajili ya maji, au ili aonekane ukutani? Mpaka leo sijui, na maji ya kupikia nimechota pale chemchemini asubuhi hii.

Sasa nikuulize mimi: katika picha zenu, mtu anaweza kuutafuta mti wake akaukosa?

Bibi yako,
Skolastika