Jina la Tatu

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Mvua ya hapa Birmingham leo ni ile isiyonyesha ikaisha, inachuruzika tu tangu asubuhi. Saa kumi haijafika na taa za barabarani zimeshawaka. Nimekaa jikoni na koti bado mwilini, maana hata kulivua ni kazi.

Sijui kama kuna anayesoma blogu hii bado. Zamani nilikuwa naandika mapishi na malalamiko yangu ya treni ya kwenda Sutton Coldfield, na mlikuwa mnacheka. Tangu Agosti sijaandika kitu. Wanaojua wanajua. Kwa msiojua: tulipata mtoto wa kike, akaja kabla ya wakati wake, akakaa nasi siku chache ndani ya inkubeta, akaenda. Tulimwita Mwende. Kwa Kikamba ni yule anayependwa.

Hayo nimejifunza kuyasema bila kulia. Kinachonila ni kingine, na mpaka leo mchana sikuwa nimemwambia hata mume wangu.

Sijui kama mtoto wangu alibatizwa.

Watu wote wanajua alibatizwa. Mama yangu kule Machakos aliniuliza hilo kwa simu kabla hata ya kunipa pole, nikamwambia ndiyo, akamshukuru Mungu kwa sauti ya kuamsha majirani. Akina mama wa kanisani wananiambia Mwende sasa ni malaika, anatuombea. Mimi naitikia, ndiyo, asante. Ila mimi nilikuwepo.

Ilikuwa mchana. Madaktari walishatuambia, kwa ile sauti yao ya upole inayokatisha tamaa, kwamba hakuna zaidi la kufanya. Mume wangu Kioko alikuwa ghalani anakofanya kazi, na huko simu hufungiwa kabatini mpaka mapumziko. Padri wa hospitali alikuwa njiani. Rangi ya mtoto ilianza kubadilika. Sasa, kwetu Wakatoliki, mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Maji kidogo kichwani na yale maneno, basi. Ningeweza hata mimi, lakini mikono yangu ilikuwa inatetemeka hivi kwamba isingeshika hata kijiko. Nikamwomba nesi wetu.

Anaitwa Nyambura, binti wa Nyeri, Mpresbiteri. Kwao mambo haya hufanywa na mchungaji, kanisani, watu wamevaa vizuri. Nilimwona akisita. Kisha akatoa kadi ya wodi yenye maneno yote kwa Kiingereza, na mimi, kichwa maji, nikamwambia aiweke kando. Nilitaka mtoto wangu aitwe kwa Kiswahili. Nilitaka asikie lugha ya kwetu angalau mara hiyo moja.

Akavuta maji safi kwa bomba la sindano. Akadondosha. "Mwende Maria, nakubatiza kwa jina la Baba." Akadondosha tena. "Na la Mwana." Halafu uso wake ukakunjamana, koo likamfunga, na maji ya tatu yakaanguka bila neno. Nilisubiri. Neno sikulisikia. Mtoto naye hakusubiri sana.

Baba na Mwana. Wawili.

Mimi si mtu wa teolojia. Katekisimu niliikariri kama watoto wote, Mungu mmoja katika nafsi tatu, na ukikosea mwalimu anakuchapa. Sikuwahi kukaa nikajiuliza maana yake. Nilipiga ishara ya msalaba kabla ya kula na kabla ya kulala, majina yote matatu kwa pumzi moja, na mawazo yangu yako kwenye ugali. Hayo majina hayakuwahi kunihusu mpaka moja lilipokosekana.

Jirani yangu Hodan alikuwa akinitania sana kwa hili. Ni Msomali aliyekulia Eastleigh, ana duka la nguo kule Alum Rock. "Wee, hebu niambie, Mungu wenu leo ni wangapi?" Nami namjibu ni mmoja, na anakuona ukipandisha bei ya dera. Tulicheka. Tangu msiba hajauliza tena. Analeta canjeera, ile mikate yao laini kama chapati za maji, na supu, anakaa nami, hasemi mengi. Wiki iliyopita nikamwambia mwenyewe: niulize lile swali lako. Akakataa katakata. "Dada, hilo siwezi kukuuliza sasa. Kula."

Nilimkasirikia. Nilikuwa nahitaji mtu wa kunibana mpaka nijibu.

Kazi yangu haisaidii. Natunza wazee majumbani, na kuna mmoja ambaye sheria inasema anyanyuliwe na watu wawili. Mwenzangu akikwama kwenye foleni ya magari, mzee anabaki kitandani. Anaweza kulia, anaweza kunitukana, simnyanyui peke yangu. Nikiwa nimesimama pale nasubiri, ndipo mawazo haya huja. Je, na huko mbinguni ni hivyo? Kwamba Baba alifika, Mwana akafika, wakamtafuta mwenzao hayupo kwa sababu hakuna aliyemwita, wakashindwa kumnyanyua mtoto wangu? Najua ni upuuzi. Upuuzi huo umeninyima usingizi tangu Agosti.

Mwezi uliopita nilimwendea padri wetu wa misa ya Kiswahili, Mtanzania, mtu mpole wa kusikiliza. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana swali. Padri si mjinga, lakini aliniacha niseme ya huyo rafiki mpaka mwisho. Akaniambia, "Mama, unawahesabu kama watu watatu waliopangiwa zamu. Hawaji mmoja mmoja. Penye mmoja, wote wapo. Anachofanya Baba, hakifanyi bila Mwana, wala bila Roho."

Nilitamani nishikilie hapo. Lakini mimi nami ni mbishi. Nikamuuliza, kama ndivyo, mbona Kanisa linataka watajwe wote? Akasema ndivyo Bwana alivyoagiza. Nikamuuliza, na wewe ungeletewa mtoto aliyetajiwa wawili? Akasema akiwa hai angembatiza pale pale. Na asiye hai?

Akatazama chai yake. Akasema Mungu ametupa sakramenti, ila yeye mwenyewe hazimfungi. Akasema tumkabidhi mtoto kwa huruma yake. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema anajua hilo halinitoshi. Nilimheshimu kwa kutonidanganya, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani Hockley nikilia kama mwendawazimu, watu wa karakana za njiani wananiangalia.

Ndiyo maana nikaamua ninyamaze. Ningemwambia Kioko ili iweje? Yeye kinachomshikilia ni kwamba, ingawa hakuwepo, mtoto alibatizwa. Nimnyang'anye na hicho? Na Nyambura je? Yule dada alitufanyia wema ambao kazi yake haikumdai. Nilijiambia nikikutana naye nitamwambia asante, sitamwambia kingine.

Leo nimekutana naye.

Alikuja kwenye misa yetu. Sikuwahi kumwona pale, na bila sare sikumtambua haraka. Baada ya misa, ukumbini kwenye chai na mandazi, akanijia moja kwa moja. "Mama Mwende," akasema. Hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo. Wenzangu hawajui waniite nani, wananiita jina langu la kanisani au wanasema tu "mama," wanapita. Nilivyosikia Mama Mwende, kitu kikakatika ndani yangu.

Akaniambia hunifikiria kila siku. Akaniambia alikuwa karibu kuiacha kazi ile ya watoto wadogo, lakini akikumbuka jinsi tulivyombatiza Mwende anapata nguvu ya kurudi.

Na mimi, badala ya asante, nikasema, "Hukumaliza."

Ee Mungu wangu. Lilitoka lenyewe. Nikaendelea, nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, nikamwambia ulisema Baba, ukasema Mwana, ukaishia hapo. Nimebeba hilo tangu siku ile. Mtoto wangu amelala kaburini na sijui kama ni Mkristo. Mama mmoja alikuwa anatuletea sukari, akageuka akarudi alikotoka.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alinitazama kama mtu asiyeelewa anachoambiwa.

"Najua sikumaliza," akasema. "Koo lilinikataa. Si wewe ndiwe uliyemalizia?"

Nikamwambia hapana.

"Mama Mwende, nilisikia. Nilipokwama nilisikia mtu akisema na la Roho Mtakatifu, polepole hivi, na mimi ndipo nikadondosha yale maji ya tatu. Nisingeyadondosha bila neno. Nilikungoja wewe, ukasema."

Nikamwambia dada, sikusema. Nilikuwa nimeng'ata leso. Nilikuwa nimejaza leso mdomoni ili nisipige kelele, maana nilitaka jambo la mwisho mtoto wangu atakalosikia lisiwe kilio. Alama za meno bado ziko kwenye ile leso, sijaifua. Nisingeweza kutamka hata jina langu.

Tukatazamana. Nyambura akaweka kikombe chake mezani. Hakujaribu kunishawishi. Angejaribu, ningejua ananihurumia tu. Alinishika mkono, akakaa nami mpaka watu wakaanza kukunja viti.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Kioko yote, tukiwa tumesimama hapa jikoni. Kwanza alikasirika, na ana haki. "Miezi yote hii ulikuwa unabeba hili peke yako, mimi ni nani humu ndani?" Halafu akakaa. Akaniuliza swali moja.

"Chumbani mlikuwa akina nani?"

"Mimi na Nyambura. Na mtoto."

"Mlango?"

"Ulikuwa umefungwa."

Ameenda sebuleni, amekaa gizani, televisheni imezimwa. Namsikia anavuta makamasi kama mtu anayeficha.

Najua mtakayosema. Huzuni hufanya masikio yasikie. Mtu aliyechoka, zamu ndefu, mashine zinalia, anaweza kusikia lolote. Hata mimi najiambia hivyo, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Sijafarijika, msidhani nimefarijika. Kitanda chake kidogo bado kiko ndani ya boksi pale ukutani, na kesho nina mzee wa kunyanyua. Utatu siuelewi leo zaidi ya nilivyouelewa jana.

Lakini Nyambura si Mkatoliki, hana mazoea ya kuona maono, na alidhani kwa dhati kwamba ni mimi. Na mimi mdomo wangu ulikuwa umejaa kitambaa.

Sasa kama si mimi, alimsikia nani?