Nyumba ya Baba Imepata Watu

Nachingwea,
14 Juni 1952

Kwa kaka yangu mpendwa Mbaruku,

Salamu nyingi zikufikie huko Ruangwa, wewe, wifi Sofia na watoto. Kikohozi cha wifi kimepungua? Sisi huku hatujambo. Mihogo imekubali, na goti langu limeacha kuniuma tangu mvua ziishe.

Umeniuliza mara mbili kama nyumba ya marehemu baba imepata mpangaji, na mara mbili nimekujibu habari za mihogo. Leo nimekaa nikujibu, ila niache nianzie mbali kidogo.

Unajua nilikuwa nawauzia uji vibarua wa yale mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu. Kazi ilipokufa, wengi walipanda treni wakaenda zao. Wengine hawakuwa na pa kurudi, wakabaki wanalala kwenye bohari tupu kule kambini. Mwaka jana, kabla ya mvua, bohari likabomolewa na mabati yakachukuliwa. Wakawa watu wa baraza za wenzao, leo wamekaribishwa, kesho wamefukuzwa.

Nikawa nawapelekea uji uliobaki. Siku moja Severini, fundi wa matrekta, mwenyeji wa Songea, akaniambia, "Dada Mwanne, uji wako mtamu, Mungu akuzidishie. Lakini nikishashiba nafanya nini? Mimi nataka mahali pa kuwasha moto nifue vyuma."

Neno lile lilinichoma. Miezi yote ile nilikuwa nawapa ninachotaka mimi, sijawahi kuwauliza wao wanataka nini. Nikamuuliza na Goreti, mjane ambaye mumewe aliangukiwa na mti wakati wa kufyeka pori. Aliinama kwa haya, akasema anatamani kuwa mkunga, lakini hospitali ya misheni haimchukui asiyejua kusoma.

Basi nikawapatia mahali. Usiniulize bado ni wapi.

Severini aliokota springi za magari mabovu, akashona mivukuto ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto. Sasa majembe yake yanatafutwa mpaka Mkotokuyana. Ami Kaimu, aliyekuwa akiapa kwamba nafuga wahuni, alikuja na shoka lake, akakaa pale mpaka likafuliwa. Kesho yake akaleta na panga.

Goreti nilimfundisha mimi, kwa zile herufi ulizonifundisha wewe kila ulipokuja likizo. Aliandika kwa mkaa ukutani, akafuta, akaandika tena. Jumatatu iliyopita hospitali wamempokea. Nilimsindikiza, naye njia nzima ananisomea vibao vya maduka kwa sauti kubwa. Watu wakatugeukia. Sikuona haya hata kidogo.

Sasa neno lenyewe, kaka. Mahali hapo ni nyumba ya baba. Funguo ulizoniachia ndizo nilizofungulia, na herufi za mkaa ziko chumbani mwake. Tena lipo zito kuliko hilo. Mwezi wa tatu alikuja mfanyabiashara wa ufuta, anataka kuipanga iwe ghala lake. Nikamwambia imeshapata watu. Sikumdanganya yeye, ila wewe nilikuficha, kwa kuwa niliogopa ungemkubalia.

Paa lililokuwa likivuja Severini ameliziba kwa mabati ya mapipa. Na chumba alichokiacha Goreti ameingia Letisia, naye ni wa kule kambini. Nimemuuliza anataka nini, akasema hajui, hajaulizwa siku nyingi. Namwacha alale kwanza.

Ukikasirika una haki. Njoo basi unigombeze mwenyewe, ulale humo siku mbili tatu, uwaone, kisha uamue. Ila usiniagize kwa barua niwatoe. Hilo, kaka, mkono wangu hautaliweza.

Wifi mpe pole yangu na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Severini anakusalimu. Letisia naye amesema nikuandikie salamu zake, ingawa hakujui.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanne binti Swalehe