Nakala ya Ijumaa

Dzaleka, Alhamisi, 9 Januari 2025

Mpwa wangu Annuarite,

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu Juni. Sikuugua. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huandika vibaya. Natumaini u mzima, na Mama Aline anayekupa chumba hapo Old Town hajambo. Huku kambini tuko salama. Mvua iling'oa mabati mawili ya ukumbi wa kanisa, lakini hakuna kompyuta iliyolowa kati ya zile nane.

Naandika kwa sababu ya kompyuta hizo. Kwa miaka minne sote tuliingia kwa jina moja, "kanisa", na nenosiri moja lililojulikana hata na wauza mandazi wa mlangoni. Ulipoanza kusomea mtihani wa usimamizi wa Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, ulilifuta jina hilo, ukampa kila mtu jina lake, ukalifunga daftari la familia lililomo ndani ya kompyuta kubwa. Kesho yake ukaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo daftari halijafunguka. Humo mna familia mia tatu na kumi na mbili: nani kamzaa nani, nani kabatizwa lini.

Mama Marlène ataitwa kwenye usaili wa familia yake, ule wa wakimbizi wanaohamishiwa nchi nyingine, tarehe 20 Februari, na anahitaji karatasi yenye majina ya watoto wake. Jumapili alinisimamisha mbele ya watu. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Mwalimu, batoto yangu iko mule ndani ya mashini. We unasema mashini inakataa. Mashini njo ilibazaa?" Watu walicheka, eti mashine ndiyo iliyowazaa.

Mzee Sindayigaya, mwenyekiti wa kamati yetu ya kanisa, anasema uliiba daftari. Guelord, fundi wa simu, amejitolea kuifuta kompyuta kubwa Jumamosi tarehe 25 na kuanza upya. Majina tutayakusanya kwa kuulizana.

Ulimtuma Minani, anayekuja huko sokoni kila Alhamisi na barua zetu, aniombe barua yenye muhuri wa kamati, ithibitishe kwamba ulizisimamia kompyuta zetu kwa miezi sita, ili upewe nafasi ya mtihani. Kamati haitampigia muhuri mtu aliyefunga mlango akaondoka na ufunguo. Mimi ndiye katibu wake, nami nakubaliana nayo. Toa nenosiri kwanza.

Mjomba wako,
Byamungu


Lilongwe, Alhamisi, 16 Januari 2025

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Goti lako linaendeleaje katika mvua hizi? Mimi ni mzima, na Mama Aline anakusalimu. Minani alinipa barua yako sokoni huku ameshika kichwa: "Mwalimu amekuandikia? Nani amekufa?"

Mjomba, ufunguo sikuondoka nao. Niliuacha juu ya kamusi yako, ndani ya bahasha ya kaki yenye jina lako. Humo mna manenosiri mapya ya wote, likiwemo lako na la mtumiaji mkuu anayeruhusiwa kila kitu, na maelezo ya kila nilichobadilisha. Nilidhani umeisoma siku ileile. Nilidhani umekaa kimya kwa kuwa hukuyapenda mabadiliko.

Sikulifunga daftari kwa dharau. Mwezi Mei mtu aliingia kwa jina "kanisa" akamwongezea Mama Marlène mtoto wa saba. Unajua ana sita. Labda mtu huyo alitaka mpwa wake asafiri na familia hiyo. Msaili akiona watoto saba kwetu na sita kwenye kadi ya ukimbizi ya Mama, ataiweka kando familia nzima. Nilimwondoa mtoto huyo, lakini sikuweza kujua aliandikwa na nani, kwa sababu sote tulikuwa "kanisa". Wewe ndiye uliyenifundisha kutopokea insha isiyo na jina la mwandishi.

Kwa hiyo nilifanya kama kitabu cha mtihani kinavyoagiza. Kila faili ina mwenyewe, ina kundi, na ina watu wengine waliobaki, na kila upande hupewa ruhusa yake ya kusoma au kuandika. Nilimfanya mtunza daftari, yule atakayeteuliwa na kamati, kuwa mwenyewe, asome na kuandika. Kamati ni kundi, isome tu. Wengine wasione chochote.

Nenosiri siliandiki hapa, maana barua hii hupita mikono mitatu. Wewe huna simu, na simu ya Mzee Sindayigaya husikilizwa na ukumbi mzima. Fungua bahasha, Mjomba. Usimruhusu Guelord afute.

Mtihani ni tarehe 28 Machi. Barua yenye muhuri inatakiwa kufika hapa kabla ya Ijumaa tarehe 14 Februari kwisha. Nisipoipata, nafasi atapewa mwingine, na kibali changu cha kukaa Lilongwe kitakwisha pamoja na masomo.

Mpwa wako,
Annuarite


Lilongwe, Alhamisi, 6 Februari 2025

Mjomba,

Nakusalimu tena. Natumaini kimya hiki si cha ugonjwa.

Wiki tatu Minani amekuja mikono mitupu. Leo ameniambia kwamba alimwona Guelord akitoka ukumbini, anapokea pongezi. Basi najua kompyuta kubwa imeshafutwa.

Kuna jambo moja nililoliandika ndani ya bahasha, nami nalirudia hapa. Kila Ijumaa saa sita mchana, umeme unapokuwa na nguvu, kompyuta ya tatu, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, huchukua nakala ya daftari kutoka kompyuta kubwa. Hakuna anayeiamuru, niliiachia ratiba. Kama ilikuwa ikiwashwa, nakala zipo. Ila bila nenosiri la mtumiaji mkuu huwezi kuzifikia.

Sikuombi muhuri tena katika barua hii. Nakuomba uangalie kompyuta ya tatu kabla mtu hajaifuta nayo.

Mpwa wako,
Annuarite


Dzaleka, Jumatatu, 10 Februari 2025

Mpwa wangu Annuarite,

Nakusalimu, na kumsalimu Mama Aline. Goti langu linauma kama kawaida. Barua hii anakuletea mke wa mchungaji, anayekwenda hospitali kesho, kwa kuwa haiwezi kumngoja Minani.

Bahasha niliiona siku ileile uliyoondoka. Sikuifungua. Baba yangu, yaani babu yako, aliweka sheria nyumbani kwetu Bukavu: barua iliyoachwa na mtoto aliyeondoka bila kuaga haisomwi mpaka mtoto arudi na kupiga magoti. Barua ya kaka yangu mkubwa ilikaa sandukuni miaka kumi na mmoja. Iliteketea pamoja na nyumba, na hakuna ajuaye iliandikwa nini. Hata hivyo niliishika sheria hiyo. Hata baada ya kusoma barua yako ya Januari niliishika. Niliona kwamba nikiifungua, nimekupigia magoti mimi.

Tarehe 25 Guelord aliifuta kompyuta kubwa kwa dakika arobaini. "Sasa iko safi, Mwalimu," alisema, "sawa mutoto wa jana." Mama Marlène alimuuliza watoto wake wako wapi. Alimjibu atayataja mwenyewe majina yao. Mama akamwambia, "Mi nitayataja. We utanipatia muhuri gani, wa simu?" Akaketi kwenye benchi la mbele mpaka jioni.

Barua yako ya pili nilipewa Alhamisi jioni. Nilifungua bahasha. Kabla ya maneno yote ya kompyuta nilikuta mstari huu: "Nilikuja kukuaga mara mbili, uko mazishini, na gari halingoji."

Ijumaa nilikwenda peke yangu kwenye kompyuta ya tatu. Kila amri niliiandika kwanza kwenye daftari langu, nikaisahihisha, ndipo nikaichapa. Nakala zilikuwa ishirini na tisa, kila moja na tarehe yake. Ijumaa tatu hazimo. Nadhani umeme ulikatika. Ya mwisho ni ya tarehe 24 Januari, siku moja kabla ya Guelord. Nilifungua hiyo, kwenye mashine hiyohiyo, nikahesabu familia. Ni mia tatu na kumi na mbili. Watoto wa Mama Marlène ni sita.

Kisha nikaingia kwa jina langu. Nilitaka kuongeza mtoto aliyebatizwa mwezi uliopita. Mashine ikanijibu kwamba sina ruhusa. Nenosiri la mtumiaji mkuu lilikuwa mfukoni mwangu. Sikulitumia. Niliandika jina la mtoto huyo kwenye karatasi, nikatia tarehe na sahihi, nikaiweka ndani ya kamusi imngoje mtunza daftari.

Jana, baada ya ibada, nilisimama mbele ya kamati nikaeleza yote haya. Mzee Sindayigaya alisema, "Kumbe mwizi alikuwa kamusi." Walicheka kidogo. Wawili wanasema muhuri upigwe leo. Wawili wanasema mtoto aliyeondoka bila kuaga hapewi muhuri, hata kama ana haki, maana wengine watamfuata. Niliwasomea mstari wako. Mmoja wao aliuliza kwa nini hukungoja mazishi yaishe. Mimi sina kura katika jambo la ndugu yangu, na ni sawa. Mama Marlène si mjumbe, lakini alisimama akasema, "Mi sitoki hapa na karatasi yangu kama yeye hana yake." Ameiacha mezani, imepigwa muhuri tayari.

Watakaa tena Jumatano. Barua yako ya miezi sita nimeshaiandika na kuitia sahihi. Imebaki nafasi ya muhuri, chini kulia. Nimeomba pia kibali cha kutoka kambini siku ya Ijumaa. Kamati ikikataa, nitakuja huko kwa mguu huu mbaya, niwaambie wenye mtihani wako kwa mdomo wangu ni nani aliyefunga mlango. Manenosiri niliyoyasoma nimeyarudisha ndani ya bahasha, na bahasha nimeigundisha.

Wakishaamua Jumatano, nitakuandikia usiku huohuo, Minani aondoke na barua Alhamisi asubuhi.

Mjomba wako,
Byamungu