Sauti ya Mama haikuwa kwenye D

Jumapili, Bunia. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imebaki baridi na matope mekundu hadi mlangoni.

Shajara yangu, leo nimemwambia Papa.

Wiki nzima nilikuwa namkwepa. Akipiga simu, nasema wateja ni wengi. Juzi nilimwona anakuja na mwavuli wake mweusi, nikainama chini ya meza kana kwamba natafuta waya. Alisimama mlangoni kidogo, akaita, akaenda zake. Mtu mzima mwenye watoto, nimejificha chini ya meza yangu mwenyewe.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina duka la birotike, pale tunapoandikia watu barua, kutoa fotokopi na kuchapa programu za matanga zenye picha ya marehemu. Nimechapa picha za marehemu wengi wa mji huu. Mwaka jana nilichapa ya Mama, na Jumamosi hii tunaondoa matanga yake.

Papa ni mtu wa Butembo, alifika hapa kijana na biashara ya vitenge. Mama alikuwa binti wa wafugaji wa Boga. Lugha zao hazikukutana, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili tu, na sisi watoto tukakua hatujui cha Papa wala cha Mama. Nilipokuwa msichana sikuona hasara yoyote. Nilijiona mtoto wa mji, basi.

Alipoanza kuugua, Mama alipenda kukaa dukani kwangu, kwenye kiti cha wateja karibu na dirisha. Siku moja alianza kutaja ng'ombe wa baba yake, wale walioporwa wakati wa vita. Kila mmoja kwa jina lake, kwa lugha ya kwao. Halafu anaeleza kwa Kiswahili: huyu alikuwa na doa shingoni, huyu hakubali kukamuliwa na mtu mwingine, huyu alinipiga teke nikaanguka na maziwa yote. Niliunganisha kipaza sauti kidogo kwenye kompyuta nikafungua programu ya kurekodi. Alizungumza kama nusu saa, akacheka, akakohoa, akaendelea.

Tangu tumzike, Papa alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya ibada kusikiliza. Anakaa kwenye kiti kilekile. Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo hatazami mashine, anatazama barabara. Mimi naendelea kupanga karatasi na sauti ya Mama inajaza duka. Zilikuwa saa zangu nzuri kuliko zote za wiki, na sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa nieleze nilichofanya.

Wateja wanakuja na flashi zao kutoka kila mahali, na mashine yangu inapokea magonjwa yao yote. Mwezi huu iliugua kabisa. Inachukua muda mrefu kuwaka, inafungua madirisha yenyewe, inazimika katikati ya kazi. Nikamwita Bahati, jirani yetu anayetengeneza kompyuta. Akasema mfumo wenyewe umeoza, lazima aufute kwenye C, ile sehemu ya diski unamokaa, na kuweka mpya. Aliniuliza mara mbili, kama fundi mzuri anavyouliza.

"Furaha, mu C hakuna kitu unabakisha? Mi nitafuta C yote."

"Futa tu. Vyangu vyote iko mu D."

Nilijibu huku nikimhudumia mteja, hata sikugeuza kichwa.

Na kweli nilikuwa nimehifadhi kwenye D, sehemu ya pili ya diski. Niliiona kwa macho yangu, faili yenye jina "Mama na ng'ombe". Lakini ile faili haikuwa sauti. Ilikuwa maelekezo tu: chukua sauti mahali fulani, anzia hapa, pandisha kidogo pale. Sauti yenyewe programu ilikuwa imeiweka kwenye dosie yake, yaani folda yake, ndani ya C, na mimi sikuwahi kuuliza.

Kinachoniuma ni kwamba mambo haya nayajua. Ninayafundisha! Vijana wanaokuja kujifunza kompyuta kwangu huwa nawaambia hivi: mfumo endeshi ndio mwenye nyumba. Yeye ana funguo zote, yeye anagawa vyumba na umeme, yeye anajua kila kitu kimewekwa wapi. Programu ni wapangaji. Programu ya kuandika, ya picha, ya sauti, zote zinabisha kwake kwanza: nipe nafasi, niwekee hiki, niletee kile. Hakuna mpangaji anayeingia stoo peke yake. Nawaambia hivyo wanaandika, na mimi nafurahi kuonekana nimesoma.

Tena kuna kichekesho chetu cha dukani. Wanafunzi wanakuja kuchapisha kazi zao za mwisho wa masomo, jasho linawatoka, siku ya kutetea imefika. Nafungua flashi nakuta ile alama yenye kimshale pembeni, raccourci, njia ya mkato tu. Waliinakili kutoka kwenye kioo cha kompyuta ya mjomba wakidhani ndiyo kazi yenyewe. Huwa nawacheka kwanza. Nawaambia, umeniletea kibao cha barabarani, mji umeuacha nyumbani. Halafu nawatuma warudi na pikipiki kuchukua kazi yao.

Mimi sina pa kurudi na pikipiki.

Bahati alijaribu. Alikaa na mashine nyumbani kwake akitumia programu ya kuchimba faili zilizofutwa. Alinieleza kwa upole, na upole wake ndio uliniogopesha. Kufuta, alisema, si kufagia. Mfumo unasahau tu kitu kilikuwa wapi, na pale mahali panahesabiwa kuwa patupu. Kama hakuna kilichowekwa juu yake, bado unaweza kukipata. Lakini juu ya sauti ya Mama tulikuwa tumeshaweka mfumo mpya mzima, na mimi nikaongeza herufi nzuri za kuchapia programu ya kuondoa matanga. Ya matanga yake mwenyewe. Alichookoa ni vipande vinavyounguruma, hakuna hata neno moja.

Sikulia mbele yake. Nililia nyumbani nikikaanga sombe, yale majani ya muhogo, watoto wakadhani ni moshi.

Leo, basi. Papa alikuja baada ya ibada kama kawaida, viatu vimejaa matope, akaviacha mlangoni. Akakaa. Akaniambia kwamba Jumamosi anataka tuweke spika kubwa uani, ili wajukuu wote wasikie majina ya ng'ombe wa nyanya yao, maana hakuna tena mtu wa kuwatajia.

Nikasema, Papa, sauti imepotea. Nikasema yote bila kupumua, C na D na Bahati na ule mfumo, mambo ambayo hakuhitaji. Aliniacha nimalize. Uso wake haukubadilika, ila mkono ulikuwa unasugua goti, unasugua, unasugua.

Halafu akauliza, "Hakuna hata kidogo?"

"Jina tu njo imebaki, Papa. Masini inajua jina, haina sauti."

"Basi fungula pale kwenye jina."

Nilitaka kumwambia haina maana. Sikuweza. Nikafungua. Programu ikatafuta, ikatafuta, ikaniandikia kwamba sauti haipatikani mahali pake, je, iweke ukimya badala yake? Nikabonyeza ndiyo. Ikachora mstari mrefu ulionyooka, palepale palipokuwa na vilima vya sauti yake. Alama zangu zote zilikuwepo, zile nilizoandika siku ile ya kurekodi: "anacheka". "jina la yule wa teke". "anakohoa, kata".

Kile kikohozi sikukikata. Papa alinikataza. Alisema ukitoa kikohozi, ule si yeye tena.

Nikabonyeza play.

Kile kijiti cha kuonyesha sauti imefika wapi kilianza kutembea juu ya mstari mtupu, polepole kama kinavyotembea siku zote. Papa alikuwa anatazama barabara. Nje watu walikuwa wanatoka ibadani wamekunja suruali, mama mmoja anacheka na mwenzake. Nilitaka kusimamisha. Nilimwangalia nikaona midomo yake inatikisika, anajaribu majina. Alipata moja. Alipata nusu ya lingine, akalisema mara mbili, likamponyoka. Alitikisa kichwa, na mimi nilijiona mtu mbaya kuliko wote walio hai.

Mashine iliendelea. Halafu, bila kugeuka, Papa akainua kidole.

"Hapa alikohoa."

Nikatazama kioo. Kijiti kilikuwa juu ya alama yangu, palepale. Yeye kioo hakioni, na kutoka kwenye kile kiti hata mwenye macho hasomi maandishi yale.

Tulikaa mpaka mwisho. Ilipofika mwisho akasema, "Rudisha," nikarudisha, tukaanza tena, na mara ya pili aliinua kidole palepale. Safari hii machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. Mimi pia sikujificha.

Alipovaa viatu vyake aliniwekea mkono kichwani, jambo ambalo hajalifanya tangu nilipoolewa. "Jumamosi weye utawaambia watoto ile ya maziwa kumwangika," alisema. "Ile unaijua." Akafungua mwavuli, ingawa mvua ilikuwa imekwisha.

Ya maziwa naijua, kweli. Lakini yule ng'ombe hana jina tena, Shajara. Nimekaa hapa najaribu kulisikia. Nakumbuka Mama alivyovuta pumzi kabla ya kulisema, nakumbuka mkono wake ukipiga paja. Jina silipati.

Sasa ni jioni, nafunga duka. Nimebonyeza kuifunga ile programu, nayo imeniuliza kama zote zinavyouliza: je, nihifadhi mabadiliko? Nikisema ndiyo, ukimya utakuwa wa kudumu. Itaukubali, na haitaniuliza tena sauti iko wapi. Nikisema hapana, kesho nikiifungua itaanza upya kutafuta kwenye C, kwenye dosie ambayo haipo.

Nimekaa na mkono juu ya kipanya mpaka umeme umekatika, mimi na mashine tumebaki na batri.

Nimesema hapana. Iendelee kumtafuta.