Mguu Uliobaki

Jumatatu, 3 Machi

Kaka karudi kutoka hospitali. Mguu wa kulia haupo — umekatwa chini ya goti. Sukari! Yeye na wifi wanakaa ghorofa ya nne, lifti haijawahi kuwepo. Majirani wamembeba kwenye kiti. Njiani anawatania: angalieni msinikwaruze, nimetoka kupigwa vanishi. Wakacheka nusura wamwangushe. Alipolazwa kitandani akageukia ukutani. Mpaka naondoka hajageuka.

Jikoni wifi kaninong'oneza: heri angelia.

Mtu ambaye kazi yake ni kutembea! Asubuhi huchagua kitu kimoja — milango ya kijani, kivuli, mlio wa nyundo — tunakifuata mimi na yeye, mtaa kwa mtaa, mpaka kituishie. Kisha anachora kwa mkaa kile miguu ilichokumbuka. Marehemu mama alikuwa akimwita mzururaji mwenye cheti. Lakini mwezi ujao ni onyesho lake la kwanza. Lilikuwa.

Jumatano, 5 Machi

Leo kasema neno. Nenda wewe, mdogo wangu. Fuata maji, uniletee mji.

Nimeomba ruhusa, nimeacha cherehani, mwenye duka kanuna. Nimefuata maji: bomba lililopasuka nyuma ya soko, mfereji, waosha magari, mpaka chini ya daraja ambako wanawake wanafua mashuka ya hoteli na kuyaanika ukutani. Nimerudi mbio kumsimulia. Kasikiliza, macho kafumba. Kisha: hayo hata gazetini yamo. Pale chini ya daraja ardhi ikoje? Ngumu? Inabonyea?

Sikumbuki. Nilikuwa na haraka ya kuja kumwambia!

Basi, akasema. Kapumzike.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi darajani kuipima ardhi kwa unyayo tu. Inabonyea! Nimevua viatu, nimesimama kwenye tope kama kichaa, wafuaji wananikodolea macho. Mara nikajikuta nalia. Bila yeye mji ni kuta tu, na watu wenye haraka zao.

Wakati wa kurudi fundi viatu kaniita. Jamaa yuko wapi? Viatu vyake tayari, soli mpya! Akaviweka mezani, vinang'aa. Nikachukua cha kushoto.

"Na hiki?"

Nikakitia cha kushoto mkobani. Akanitazama. Kisha akakivuta cha kulia taratibu, akakifunika kwa kitambaa.

Jumapili, 9 Machi

Kaka kachana picha zake. Zote.

Wifi alikuwa bafuni, alisikia karatasi akadhani anatafuta kitu. Tumefagia sisi wawili. Mikono ikawa myeusi kwa mkaa.

Jumanne, 11 Machi

Muuguzi kaja kusafisha kidonda. Alipomaliza akaushika mguu wa kushoto, akaugeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Kidole gumba cheusi.

"Na huu nao?" kaka akauliza.

Muuguzi akawa anakunja bandeji iliyokwisha kukunjwa. Jumatatu arudi hospitali, akasema, madaktari wataamua.

Nimempigia simu mwenye ukumbi. Hakuna onyesho. Akaanza kuuliza, nikakata.

Alhamisi, 13 Machi

Sikwenda kwa kaka. Siwezi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hapahapa ngazini.

Asubuhi kaka kaniita. Kanyoa ndevu, kavaa shati la kutokea. Jumatatu sijui nitarudi na nini, kasema, leo bado ninao mmoja. Nataka kukanyaga barabara.

Wifi kakataa katakata. Kaka hakubishana. Kajishusha sakafuni, kajiburuza mpaka mlangoni, kaanza kushuka kwa makalio, kidato baada ya kidato. Mimi mbele yake na magongo yake, nikirudi kinyumenyume, nimkinge asije akaporomoka.

Ghorofa ya pili nguvu zikamwisha. Kaegemea ukuta, jasho linamtiririka. Bandeji imeanza kulowa. Damu! Kutoka chini sauti za barabara zinapanda — honi, mtu anagombana, mwingine anacheka — na yeye kainamisha kichwa kuzisikiliza.

Wifi kasimama juu yetu, analia waziwazi. Tupande, nimwite muuguzi, anasema.

"Wifi yangu," ananigeukia, "ukimshusha, nani atampandisha? Majirani wote wako kazini!"

Kaka anasema tushuke. Hana hasira. Anasema kama mtu anayeomba maji.

Wote wawili wananingoja mimi. Nimetoa daftari ili nisiwatazame.